Uliza Fundi: Kioo cha laptopu kimepasuka, kisome mgongoni kabla hujatuma pesa

Salaam aleikum wasomaji. Safari hii maswali ya vioo vya laptopu yamekuja mengi kuliko ya kitu chengine chochote, na sishangai, shule zafunga zafungua, watu wako njiani, mashua zajaa, mabegi yabanwa. Nimechagua manne. Mengi mliyotuma yafanana na haya kwa hivo soma yote, huenda lako limo ndani ya la mwenzako.

Mwalimu, Mkomani, auliza:

Fundi salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina laptopu ya mtumba HP EliteBook 840 G3 nilonunua Mombasa. Juzi nlikuwa natoka Mokowe kuja Amu, mashua imejaa, kiza kishaingia, begi nimeliweka chini miguuni na abiria mmoja akalikalia bila kujua. Kufika nyumbani nawasha, upande wa kulia pana doa jeusi kama wino umemwagika na mistari ya rangi kutoka juu mpaka chini, upande wa kushoto naona kidogo kidogo. Alama za wanafunzi ziko humo na zatakikana. Nlipeleka kwa fundi akaniambia kioo na madabodi vyote vimekufa, elfu kumi na nne. Mwengine nlompigia simu Mombasa asema kioo peke yake elfu sita na nusu, nimtumie kwa M-Pesa aniwekee kwa basi. Rafiki yangu naye asema mbona simu hubadilishwa glasi ya juu tu kwa bei rahisi. Na kuna alonambia nipake dawa ya meno. Sijui nimwamini nani.

Jibu:

Mwalimu wangu pole sana, na nianze na linalokukosesha usingizi, alama ziko salama. Alama ziko kwenye diski na diski haina habari na kioo, laptopu yaweza kuwa haina kioo kabisa na kila faili iko mahali pake. Kwa hivo yeyote atakayekwambia ataka kufomati ili abadilishe kioo, chukua mashine yako uondoke.

Sasa hilo la madabodi, yaani ile bodi kuu ya ndani inayobeba saketi zote, tulipime, na kipimo hiki ni bure. EliteBook 840 G3 haina tundu la HDMI, watu wengi hutafuta HDMI wakaikosa wakafikiri hakuna njia, lakini ubavuni ina VGA, lile tundu pana lenye vishimo 15 na mahali pa skrubu mbili pembeni, na projekta nyingi za shule bado zina VGA. Nenda na laptopu shuleni, chomeka waya wa projekta, washa, halafu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, itatoka orodha ya vitu vinne, chukua cha pili ambacho huonyesha picha ileile kote kuwili. Ukutani pakija picha safi, haina mistari wala doa, basi madabodi yako ni nzima na hakuna sababu ya kulipa elfu kumi na nne. Hapohapo ukiwa umesimama mbele ya ukuta nakili alama kwenye flashi, usingoje kioo kije. Mistari ikitokea mpaka ukutani hapo ndo yule fundi wa kwanza ana hoja, lakini kwa doa la wino lilotokea baada ya mtu kukalia begi mimi nategemea ukuta utakuwa safi. Kila fundi anayetaja madabodi mwombe kwa upole akuonyeshe kwenye skrini nyengine kwanza. Ni haki yako na si kumvunjia heshima.

Kuhusu glasi ya juu. Kwenye simu kuna glasi ya kulinda iliyobandikwa juu ya kioo chenyewe, ndo maana glasi yaweza kupasuka na picha ikabaki nzuri, fundi mwenye mashine akaitoa akaweka nyengine. Laptopu ya kawaida isiyo ya tachi haina hiyo glasi ya ziada. Kile unachokiona ndo kioo chenyewe, vipande viwili vya glasi nyembamba sana vilobanana na kati yao kuna kimiminika kinachopitisha ama kuzuia mwanga, na nyuma yake kuna karatasi za plastiki za kutawanya mwanga na mstari wa taa ndogo za LED ukingoni. Lile doa jeusi ulilofananisha na wino ni pale glasi ilipovunjika na kile kimiminika kikahama mahali pake. Hakuna gundi ya kukirudisha. Na doa litakua, kila ukifungua na kufunga kifuniko ule ufa huvutwa kidogo, leo ni robo wiki ijayo ni nusu, kwa hivo iache wazi mezani na usiifungue kwa kushika pembe moja, shika katikati juu.

Dawa ya meno tafadhali usipake. Haizibi ufa, na maji yake hushuka mpaka ukingo wa chini wa kioo ambapo ndipo penye saketi zake. Nimepokea laptopu mbili mwaka huu zilizokuja na ufa zikawa na harufu ya minti, na mojawapo hata ule upande ulokuwa ukionekana ulikuwa umezima.

Sasa tuje kwa yule wa Mombasa. Elfu sita na nusu si bei mbaya kwa kioo cha inchi 14, shida si bei, shida ni kwamba hajakuuliza swali hata moja. Ulimwambia ni 840 G3 akasema tuma pesa. Jina la laptopu halitoshi! Hiyo 840 G3 ilitoka kiwandani na vioo tofauti, kuna yenye 1366 kwa 768 (hizo ni nukta za picha, upana kwa urefu), kuna yenye 1920 kwa 1080, kuna yenye 2560 kwa 1440, na kuna ya tachi, zote zimeandikwa jina moja juu ya kifuniko. Halafu yako ni ya mtumba, imetoka Uingereza ama kwengine, imepitia mikono, huenda kioo kilicho ndani sicho kilichozaliwa nayo.

Hili nalisema kwa uchungu manake limenipata. Kuna wakati nliagiza kioo kwa jina la laptopu, duka likaniambia ndo hicho hicho usiwe na wasiwasi, nikatuma pesa ya mteja, na mteja alikuwa kijana wa chuo mwenye kazi ya kuwasilisha wiki hiyo. Kikaja kwa basi kupitia Malindi, Garsen, Witu mpaka Mokowe, nikakivushia kwa mashua nimekikumbatia kama mtoto, nafungua nyumbani waya hauingii. Laptopu yataka kioo cha pini 30, nimeletewa cha pini 40. Kwa macho vyote viwili ni sawa kabisa, ukubwa uleule, skrubu zilezile, tofauti ni lile tundu dogo nyuma. Nauli ya kurudisha kwangu, nauli ya kuleta tena kwangu, siku tisa zikapita na yule kijana alifanyia kazi yake kwenye saiba akilipia kwa saa. Mtu aliyeko Nairobi akikosea hushuka Luthuli, kwenye maduka ya spea, akabadilisha kabla ya adhuhuri. Sisi huku kosa la pini kumi ni wiki nzima, kwa hivo sisi ndo twafaa kuwa waangalifu zaidi kuliko wao.

Basi fanya hivi. Kioo cha zamani kina stika nyeupe mgongoni, fundi yeyote akishatoa ile fremu ya plastiki na kulaza kioo mbele utaiona. Tafuta mstari wenye herufi na namba zilizofuatana, huanza na N140 ama B140 ama LP140 ama NV140 na nyengine za aina hiyo. N ni Innolux, B ni AU Optronics, LP ni LG, NV na NT ni BOE, na hiyo 140 ndo inchi 14.0, kama ni 156 basi ni inchi 15.6. Piga picha stika yote, si ule mstari tu, na picha iwe wazi mpaka herufi ya mwisho kabisa, manake hizo za mwisho baada ya kistari ndo huonyesha toleo. Piga picha ya pili ya lile tundu la waya. Piga ya tatu ya kioo chote kwa nyuma ionekane kama kina masikio ya skrubu juu na chini ama hakina. Picha hizo tatu ndo unamtumia muuzaji. Kama hutaki kufungua bado, kuna programu ya bure yaitwa HWiNFO, ukiifungua sehemu ya monita mara nyingi hukusomea jina la kioo, lakini neno la mwisho ni la stika.

Si lazima upate kampuni ileile. Kilokuwa cha Innolux chaweza kukaa cha BOE bila shida, bora vilingane ukubwa, pini, ubora wa picha na masikio. Ukiambiwa nakuwekea kizuri zaidi, yaani una cha 1366 akupe cha 1920, usikimbilie, kuna laptopu ambazo waya wake ulotengenezewa kile kidogo hauna nyaya za kutosha kubeba picha kubwa, utaweka na skrini itabaki nyeusi ama itacheza. Rudisha kilichokuwepo.

Kabla ya kutuma pesa mwambie akupigie picha stika ya kioo atakachotuma, hichohicho, si picha ya mtandaoni. Mwambie akiwashe kwenye mashine yake akurekodie video, kioo chote cheupe kisha chote cheusi, hapo hata nukta ilokufa utaiona. Mwombe akifunge kati ya vipande viwili vya plaiwudi ama katoni nzito, kisimamishwe si kulazwa, na aandike juu KIOO kwa herufi kubwa. Na kikifika, ile nailoni iliyobandikwa juu yake usiibandue mpaka kiwe kimewaka na umeridhika, maduka mengi ukishaibandua hawakipokei tena. Mkono wa fundi wa kuweka kioo cha namna hii si kazi ya siku nzima, aliyezoea huchukua nusu saa ama saa, kwa hivo patana naye ukijua hivo.

Mama wa Langoni auliza:

Fundi shikamoo. Binti yangu yuko chuo, amekuja likizo na laptopu yake. Haijapasuka popote nimeiangalia kwa taa, lakini ukifungua kifuniko mpaka kati inaonyesha vizuri, ukisukuma nyuma zaidi inacheza cheza halafu inakuwa nyeusi. Ukirudisha inarudi. Ameambiwa anunue kioo kipya, nami pesa hiyo kwa sasa sina mwanangu.

Jibu:

Marahaba mama yangu. Usinunue kioo. Kioo kibovu hakijui kifuniko kimefunguliwa kiasi gani, kinachojua ni waya. Kuna waya bapa unaotoka kwenye madabodi, unapita ndani ya bawaba, unapanda mpaka nyuma ya kioo, na kila binti akifungua na kufunga waya huo hukunjwa mahali palepale. Miaka miwili mitatu ya chuo nyaya mbili tatu za ndani huanza kukatika, zikigusana picha yaja, zikiachana yaenda. Na huku kwetu kuna jambo la pili, chumvi. Hewa ya baharini huingia kwenye pini za soketi ikaota ule unga wa kijani ama mweupe, hasa laptopu ikiwa hukaa dirishani upande wa forodhani.

Mwambie fundi aanze na lililo rahisi, azime, achomoe betri, atoe waya kwenye kioo na kwenye madabodi, asafishe pini kwa spiriti safi na brashi laini, akaushe, arudishe. Mara nyingi hilo peke yake latosha na huo ni ufundi tu hakuna spea. Ikirudi kucheza basi anunue waya, na waya ni bei ya chini kuliko kioo, lakini hapa pia jina la laptopu halitoshi, kuna namba imeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa kwenye waya wenyewe na hiyo ndo ya kuagizia.

Na mama ukiona siku moja skrini imekuwa nyeusi moja kwa moja, ingia chumbani zima taa, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa upande. Ukiona picha hafifu kwa mbali basi picha iko ila taa ya nyuma ndo haiwaki, na hiyo bado huenda ikawa ni waya ama fyuzi ndogo, si lazima kioo. Mweleze fundi umeona nini, atajua aanzie wapi.

Kijana wa Malindi, mtaa wa Barani, auliza:

Vipi fundi, mimi nafanya kazi za kupiga picha za harusi, nina MacBook Air ya 2020. Nlibandika kile kikava cha kufunika kamera, kufunga tu siku moja nikasikia tap, kufungua kioo kina ufa kutoka kwenye kamera mpaka chini. Bei nnayoambiwa ni karibu nusu ya laptopu. Kuna njia ya bei rahisi ama naibiwa?

Jibu:

Huibiwi mdogo wangu, na naumia kukwambia hivo. Apple wenyewe walitoa tahadhari mwaka 2020 kwamba ukifunga MacBook na kikava juu ya kamera waweza kuvunja kioo, nafasi kati ya kioo na kibodi ni ndogo mno. Wewe uliyesoma hili na una kikava, kitoe leo, tia kipande cha karatasi ama uzime kamera kwenye settingi.

Bei iko juu manake kioo cha Air kimegandishwa ndani ya kifuniko, mafundi wengi hubadilisha kifuniko chote kizima pamoja na kamera na bawaba. Wapo wanaong'oa kioo peke yake, lakini ni kazi ya joto na subira na mimi siwezi kukushauri uwe wa kwanza kujifunziwa. Njia yako ya nafuu ni kifuniko kilichotolewa kwenye MacBook ilokufa kwa maji, ambayo madabodi ndo imeharibika na kifuniko ni kizima. Geuza laptopu yako chini, kwa maandishi madogo sana utaona A na namba nne. Air za 2020 ziko mbili, A2179 yenye chipu ya Intel na A2337 yenye M1, na vifuniko vyake huuzwa mbalimbali. Ukisema "Air ya 2020" tu hujasema kitu.

Wakati watafuta, usikae bila kazi. Adapta ya USB-C kwenda HDMI na monita ya mtumba ama tivi ya nyumbani, unaendelea kuhariri picha za wateja vizuri tu, tena kwa kioo kikubwa zaidi. Nawajua watu walokaa hivo mwaka mzima. Kama mashine haitoki nyumbani sana, kwa kweli mimi ningenunua monita ya mtumba nikaacha kifuniko mpaka nipate kwa bei ya haki.

Dada wa Shela, Lamu, auliza:

Fundi, laptopu yangu ni ya inchi 15.6, nliacha kalamu juu ya kibodi nikafunga. Binamu yangu ana yake ilokufa kabisa haiwaki lakini kioo chake ni kizima, amenipa bure. Nimelinganisha stika kama ulivyowahi kusema, herufi ni tofauti mwanzo lakini zote mbili ni 156, zote pini 30, zote 1366 kwa 768, masikio ya skrubu yako sawa. Nataka kuweka mwenyewe, nimezoea kufungua redio na feni. Nianzie wapi nisiharibu?

Jibu:

Dada yangu umenifurahisha, ulivyolinganisha ndo kazi yenyewe, hayo mengine ni mikono tu. Na ukiwa umezoea redio huna cha kuogopa isipokuwa kitu kimoja ambacho nitakirudia, betri.

Tandika kitambaa kinene mezani, tafuta bisibisi ndogo ya nyota, kadi ya simu ya zamani ama plastiki yoyote nyembamba, selotepu na kikombe cha kuwekea skrubu. Fanya mchana karibu na dirisha, usifanye usiku kwa tochi. Kabla ya yote ingia mtandaoni utafute mwongozo wa matengenezo wa modeli yako, HP, Dell na Lenovo huweka miongozo hiyo bure kwenye tovuti zao na mna michoro ya kila skrubu ilipo.

Zima laptopu kabisa, si kulaza. Chomoa chaja. Kama betri ni ya kutoka nje itoe, kama iko ndani fungua mfuniko wa chini uchomoe soketi ya betri kwenye madabodi kwanza. Hili usiliruke hata ukiwa na haraka vipi, manake kwenye ule waya wa kioo mna pini za moto zinazolisha taa, ukiuchomoa ama kuuchomeka betri ikiwa imo pini zikigusana fyuzi ya taa kwenye madabodi hukatika, na hapo kioo cha bure chageuka kuwa gharama ya kulehemu madabodi. Ikishatoka betri bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi hivi imalize umeme ulobaki.

Sasa fremu. Angalia pembe za fremu ya plastiki inayozunguka kioo, ukiona vijiraba vidogo vya mviringo vibandue taratibu kwa sindano, chini yake huwa mna skrubu. Zitoe. Halafu ingiza kadi kati ya fremu na kifuniko kwa upande wa ndani, si wa nje, uizungushe polepole, utasikia tak tak tak, hizo ni klipu zaachia na ndo sauti unayoitaka, isikutishe. Ukifika sehemu ya bawaba ndo penye ukaidi, usivute kwa nguvu, inua kutoka chini. Fremu ikitoka utaona kioo kimeshikwa na skrubu nne, mbili kila upande ama kwenye masikio ya juu na chini. Zitoe, halafu kilaze kioo kifudifudi juu ya kibodi ulipotandika kitambaa, taratibu, manake bado kimefungwa na waya kwa nyuma. Vaa miwani ama weka uso mbali, kioo kilopasuka hutoa chembe. Na ukiona majimaji yametoka usiyaguse kwa mkono, futa kwa karatasi utupe, kisha nawa na sabuni.

Nyuma chini utaona waya umeingia kwenye soketi bapa na juu yake pana selotepu ya uwazi. Bandua selotepu. Soketi nyengine zina kichuma kama mpini mdogo, kiinue kwanza, halafu vuta plagi kwa mlalo kuelekea chini ya kioo, sambamba na kioo, usiinue juu. Wengi huvunjia hapa. Kile cha binamu kitoe kwa njia ileile, na hata kama mashine yake imekufa betri yake itoe vilevile.

Chomeka waya kwenye kioo kizima, sukuma mpaka usikie umekaa, rudisha kichuma na selotepu, halafu kabla ya kufunga skrubu hata moja kiegemeze, rudisha betri, washa. Kikiwaka vizuri zima, toa betri tena, sasa ndo ufunge. Kisipowaka usikate tamaa, mara tisa kwa kumi plagi imekaa upande, zima, toa betri, ichomoe uirudishe kwa usawa.

Skrubu za kioo kaza kwa vidole viwili tu, kukaza sana hupasua pembe za kioo na utakuwa umerudi ulikotoka. Fremu irudishe ukianzia chini kwenye bawaba, kisha pande mbili, juu kwenye kamera iwe mwisho. Ikikataa kukaa mahali usiipige kofi, itoe tena uangalie waya wa kamera, mara nyingi ndo umetoka kwenye mfereji wake ukabanwa. Ulaze mahali pake, halafu bonyeza.